Jumba la magwiji wa uvuvi halipimi samaki wako

Jumba la magwiji ni heshima wanayopewa watu walioukuza uvuvi wa michezo, na kila majina mapya yanapotangazwa, wapenzi wa mchezo huo huanza kubishana. Huyu amevua nini hasa? Rekodi yake iko wapi? Mbona yule mwenye samaki wa kilo mia tano kaachwa? Wanaouliza hivyo wanaupenda mchezo kwa dhati, ila wanaanzia mahali pasipofaa.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba ukivunja rekodi ya dunia, umeshaingia. Hujaingia. Chama cha Kimataifa cha Uvuvi wa Michezo, IGFA, kilianzishwa mwaka 1939, lakini kundi la kwanza la magwiji wake lilipokelewa mwaka 1998. Daftari la rekodi na jumba la magwiji ni vitu viwili tofauti. Rekodi ni suala la vipimo: samaki hupimwa nchi kavu, si kwenye mashua inayoyumba, na mizani iwe imethibitishwa. Mvuvi hutuma picha za samaki, za fimbo na rili, na za mizani yenyewe, pamoja na kipande cha mshipi aliotumia ili nguvu yake ikapimwe.

Mwaka 1932 George Perry alivua besi mdomo-mpana, samaki wa maji baridi, wa ratili 22 na aunsi 4, yaani kilo 10 na ushei, huko Georgia, Marekani. Mwaka 2009 Manabu Kurita akavua mwingine katika Ziwa Biwa, Japani, mzito kidogo kuliko wa Perry. Kidogo hicho hakikutosha, kwa sababu kanuni inataka samaki wa chini ya ratili 25 apitwe kwa aunsi 2 au zaidi. Wawili hao wakaandikwa sare. Hakuna aliyehitaji kujadili Kurita ni mtu wa namna gani wala ameufanyia nini uvuvi.

Kwenye jumba la magwiji, hayo ndiyo yanayojadiliwa. Mtazame Ray Scott, aliyekuwa katika kundi la kwanza la jumba la magwiji wa uvuvi wa besi la Marekani, mwaka 2001. Kazi yake ilikuwa kuuza bima. Mwaka 1967 aliandaa shindano katika ziwa la Beaver, Arkansas, na mwaka uliofuata akaanzisha B.A.S.S., chama cha wavuvi wa besi. Mwaka 1972 akaanza kuwahimiza washindani wasiue samaki wao. Besi akawa anawekwa kwenye tangi la mashuani lenye maji yanayotiwa hewa, anafika kwenye mizani akiwa mzima, kisha anarudishwa ziwani. Kabla ya hapo, samaki wa mashindano walikuwa wakifia kwenye kamba. Ukiulizia samaki mkubwa kuliko wote wa Scott mwenyewe, umeukosa mchango wake wote.

"Wanachagua watu maarufu tu." Hii ina chembe ya ukweli, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Ernest Hemingway yumo katika kundi lile la 1998, na wengi hudhani riwaya ndizo zilizomwingiza. Lakini mwaka 1934 aliwakaribisha Kuba Charles Cadwalader na Henry Fowler, watu wa taasisi ya sayansi asilia ya Philadelphia, wakawachunguza nduaro waliovuliwa kwenye mkondo wa Ghuba. Kazi hiyo ilimsaidia Fowler kurekebisha uainishaji wa samaki hao, na mwaka 1935 akampa samaki mwingine jina la kisayansi la *Neomerinthe hemingwayi*. Hemingway pia alikuwa makamu wa rais wa IGFA tangu 1940 hadi alipofariki mwaka 1961. Ted Williams naye, nyota wa besiboli wa Boston, alihesabiwa gwiji wa uvuvi kwa miaka aliyoitumia kwenye visiwa vya Florida Keys na kwenye samoni wa mto Miramichi, Kanada.

Chembe ya ukweli ni hii: jina kubwa halikosi mtu wa kulipendekeza. Nahodha aliyefundisha kizazi kizima kusoma maji, au baharia wake anayefunga chambo alfajiri, anaweza kustaafu bila hata mtu mmoja kumjazia fomu. Naliona hilo kuwa dhuluma, na mara nyingi kosa si la kamati. Kosa ni letu tulionufaika nao tukanyamaza.

Kuhusu dhana kwamba umri au jinsia ndiyo huamua, sina haja ya kusema mengi. Hemingway aliingizwa miaka 37 baada ya kufariki, na wengine huingizwa wakiwa bado wanavua. Joan Wulff, aliyerusha mshipi wa nzi, yaani wa chambo bandia chepesi mfano wa mdudu, futi 161 mwaka 1960, aliingia katika jumba la IGFA kwa ustadi na kwa ualimu wake.

Wengine hudhani jumba ni moja. Hayward, Wisconsin, kuna la samaki wa maji baridi, na makumbusho yake yana jengo lenye umbo la samaki lenye urefu wa futi 143. Springfield, Missouri, kuna la besi. Kila moja lina kanuni zake, na hata rekodi hawakubaliani: kwa samaki aina ya maski, IGFA inamtambua wa Cal Johnson, ratili 67 na nusu, na Hayward wanamtambua wa Louie Spray, ratili 69 na aunsi 11. Wote wawili walivuliwa mwaka 1949, karibu na Hayward.

Dhana ya mwisho ni kwamba wingi wa mashabiki huamua. Kwa kawaida mtu yeyote anaweza kupendekeza jina, lakini uamuzi ni wa kamati au wa wapiga kura maalumu, nao husoma faili. Faili zuri husema mtu alianza lini, aligundua au alitetea nini, nani alijifunza kwake, na kitu gani kilibadilika kwa sababu yake. Barua ya mtafiti aliyepokea kumbukumbu za samaki waliowekwa alama na nahodha anayependekezwa husaidia kuliko picha kumi za nduaro aliyening'inizwa. Barua hizo ziombwe mapema, kwa wateja wa zamani, kwa wanafunzi, kwa mabaharia waliofanya naye kazi, maana kamati haiendi bandarini kuwatafuta.