Kiongozi anaposikitika

Tangazo la kifo redioni huanza hivi: "Kwa masikitiko makubwa, familia ya marehemu inatangaza..." Hakuna anayelisikia akadhani familia ndiyo iliyomuua marehemu. Masikitiko ni huzuni tu. Neno lenyewe halina mkosaji ndani yake. Ndiyo maana viongozi wanalipenda.

Majuto ni habari nyingine. Huwezi kujuta kosa la jirani. Anayejuta hujuta alichotenda mwenyewe, au alichoweza kukizuia akakaa kimya. Hata yule mjukuu wa methali hakuzuka tu, ana babu yake.

Kuomba radhi ni kuzito zaidi, kwa sababu radhi ziko mikononi mwa aliyekosewa na anaweza kuzinyima. (Matangazo ya kukatika kwa umeme yamelichakaza neno hili: "tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza." Radhi zinaombwa kabla ya kosa, na jibu halisubiriwi.)

Sasa, Kiingereza kina neno moja, "regret", ambalo mfasiri anaweza kulifanya masikitiko au majuto, na uamuzi huo si mdogo. Tarehe 31 Oktoba 2023, kwenye dhifa ya Ikulu ya Nairobi, Mfalme Charles III alilitumia neno hilo alipozungumzia ukatili waliofanyiwa Wakenya wakati wa kupigania uhuru. Alikiri kwamba ukatili ule haukuwa na kisingizio. Lakini tazama sentensi yake ilivyojengwa: makosa ya zamani ndiyo yaliyokuwa chanzo cha huzuni na masikitiko makubwa. Kiima ni makosa, si mfalme wala Uingereza. Radhi hakuomba. Mimi ningefasiri "masikitiko", kwani kuandika "majuto" ni kumsaidia kukiri asichokikiri.

Kesho yake, 1 Novemba, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea, mji unaobeba jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Maji Maji. Aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa watu wa pale. Katika maneno hayo mtenda yupo, mtendewa yupo, na mahali pametajwa. Hata mwanafunzi wa sarufi angeuona umbali kati ya hotuba hizi mbili zilizopishana siku moja.

Tahadhari ya namna ile ya Nairobi ina historia ya kisheria. Juni 2013, William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, aliliambia Bunge kwamba serikali yake inasikitishwa na mateso waliyopata Wakenya wakati wa vita vya Mau Mau. Akatangaza malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa walalamikaji 5,228. Hapohapo akasema serikali yake bado haikubali kwamba inawajibika kisheria. Yaani fedha zilitoka, huzuni ikatamkwa, hatia ikabaki mlangoni. Mawakili huogopa kuomba radhi kwa sababu maneno hayo yanaweza kurudi mahakamani yakiwa ushahidi.

Waandishi wa habari nao tuna mchango wetu. Tunapenda kuandika kwamba kiongozi "amesikitishwa na vifo vya waandamanaji". Kusikitishwa ni kutendwa: katika kitenzi hicho kiongozi ndiye aliyepatwa na jambo, karibu awe mfiwa. Kisha tunaongeza kuwa watu "walipoteza maisha", kama mtu apotezavyo ufunguo. Msomaji anayetaka kujua risasi zilifyatuliwa na nani aisome sentensi hiyo mara tatu, hatamkuta.