IR35: mkataba unasema mkandarasi, kazi inasema mwajiriwa

Ninatunza hesabu za wenye kampuni za mtu mmoja hapa Uingereza, wengi wao ndugu zetu kutoka Kenya na Tanzania: waandishi wa programu, wahandisi, wachambuzi wa takwimu kwenye mabenki. Mwaka wa kodi wa huku huanza tarehe 6 Aprili, na siku hiyo ikikaribia maswali ya IR35, sheria ya kodi kwa wanaofanya kazi kupitia kampuni zao, huja mfululizo. Ugumu wa sheria hauniumizi. Kinachoniumiza ni kumwona mtu anasaini mkataba mbaya, au anaifunga kampuni aliyoihangaikia miaka minane, kwa neno alilolisikia kwenye kikundi cha WhatsApp ambalo si kweli.

Tuanze na sheria yenyewe, kisha tupitie maneno hayo moja moja. Unafanya kazi kwa mteja kupitia kampuni yako, yaani wewe ni mkandarasi. Tukiiondoa kampuni hiyo hapo katikati, je, unaonekana mwajiriwa kama wale wengine mnaokaa nao? Kama ndiyo, uko "ndani ya IR35", na malipo yako yanakatwa PAYE (kodi ya mshahara) na mchango wa Bima ya Taifa (hifadhi ya jamii ya huku) kama mshahara. Kama sivyo, uko "nje", na kampuni yako inalipwa ankara nzima.

"Ni kodi mpya." "Ilishafutwa."

Yote mawili si kweli. Jina limetokana na tangazo namba 35 la mamlaka ya mapato ya wakati ule, lililotolewa siku ya bajeti Machi 1999, na sheria ikaanza Aprili 2000. Kilichobadilika baadaye ni nani anayeamua. Zamani mkandarasi alijipima mwenyewe. Aprili 2017 uamuzi ukahamia kwa taasisi za umma zinazomtumia, na tarehe 6 Aprili 2021, baada ya kuahirishwa mwaka mmoja kwa ajili ya korona, ukahamia pia kwa kampuni binafsi za kati na kubwa. Septemba 2022 waziri wa fedha Kwasi Kwarteng alitangaza kwamba mabadiliko ya 2017 na 2021 yangeondolewa. Tarehe 17 Oktoba mrithi wake, Jeremy Hunt, akalitengua tangazo hilo kabla halijawa sheria. Wako watu waliosikia habari ya kwanza, ya pili haikuwafikia.

"Mkataba wangu unasema mimi si mwajiriwa."

Hii ndiyo dhana inayogharimu watu zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mahakama za Uingereza hazisomi karatasi peke yake. Tangu kesi ya Ready Mixed Concrete ya mwaka 1968, zinauliza mambo matatu. Je, ni lazima kazi uifanye wewe mwenyewe, au unaweza kumtuma mwingine mwenye ujuzi? Nani ana mamlaka juu ya unachofanya, unavyokifanya, mahali na saa? Na je, kuna wajibu wa pande mbili, wa mteja kukupa kazi na wako kuipokea? Baada ya hapo hutazama picha nzima: vifaa ni vya nani, ukikosea nani anabeba hasara, una wateja wengine au ni huyo mmoja tu.

Kwa hiyo mkataba unaweza kutamka wazi kwamba una haki ya kutuma mbadala. Lakini kama meneja anajua, nawe unajua, kwamba siku ukimtuma mtu mwingine atarudishwa getini, kifungu hicho hakitakuokoa. Mteja wangu mmoja alikuwa na mkataba mzuri kabisa, lakini jina lake lilikuwa kwenye ratiba ya zamu ya idara, alikuwa akiomba ruhusa ya likizo kwa meneja, na kila akimaliza kazi moja alipewa nyingine isiyokuwamo katika makubaliano. Nilimwambia ukweli: wewe ni mwajiriwa, tofauti ni kwamba unaandika ankara.

Watangazaji wawili wa televisheni wanalionyesha jambo hili vizuri. Christa Ackroyd, aliyetangaza BBC kwa mkataba wa miaka saba, alishindwa mahakamani na HMRC, mamlaka ya mapato ya Uingereza, mwaka 2018, na sababu kubwa ni kwamba BBC ilikuwa na kauli ya mwisho juu ya kazi yake. Mwaka uliofuata Lorraine Kelly wa ITV alishinda kesi ya madai ya kodi ya takriban pauni milioni 1.2. Wote wawili watangazaji, wote wawili wenye kampuni zao. Kilichowatofautisha ni jinsi kazi ilivyofanyika siku hadi siku.

Ndiyo maana nawaambia watu maandalizi hayaanzi kwa mwanasheria. Yanaanza kwenye mazoea ya kazini. Andika ankara kwa kazi iliyokamilika pale inapowezekana, badala ya saa ulizokaa kitini. Kataa kwa upole kazi isiyo yako, au omba makubaliano mapya ya maandishi. Tunza barua pepe zinazoonyesha ulipanga mwenyewe utafanyaje. Kata bima yako ya kitaaluma. Na kama baada ya yote hayo bado unaonekana mwajiriwa, likubali hilo mapema na uombe bei inayolingana nalo.

"Salama ya kampuni ni kuwakataa wakandarasi wote."

Ilipokaribia Aprili 2020, tarehe ya awali kabla ya kuahirishwa, benki kubwa kama HSBC, Barclays na Lloyds zilitangaza kutotumia tena wanaofanya kazi kupitia kampuni zao. Sheria haiwakatazi kufanya hivyo. Ila kuna kampuni zilizofanya jambo tofauti: zilimwita kila mkandarasi "ndani" bila kumwangalia mmoja mmoja. Hapo zimejifunga zenyewe. Sheria inamtaka mteja atoe taarifa ya uamuzi kwa maandishi, yenye sababu, baada ya kuchukua uangalifu wa kutosha. Bila uangalifu huo taarifa si halali, na deni la kodi linabaki mikononi mwa mteja mwenyewe.

Kosa la upande wa pili nalo ni ghali. Wizara ya Kazi na Pensheni ilionyesha kwenye hesabu zake za 2020-21 deni la pauni milioni 87.9 kwa kuwaweka watu nje ya IR35 kimakosa. Hii ni wizara ya serikali ileile iliyotunga sheria.

Kampuni nilizoona zikijipanga vizuri zilianza kwa kuhesabu: tunao wakandarasi wangapi, wako idara gani, wanapitia wakala gani? Kisha zikawauliza wasimamizi wanaofanya nao kazi kila siku, maana wao ndio wanaojua nani anapangiwa zamu na nani anakabidhi kazi na kuondoka. Chombo cha mtandaoni cha HMRC cha kupimia hadhi, CEST, husaidia, na HMRC husimama na jibu lake ikiwa taarifa zilizojazwa ni za kweli. Lakini kikijazwa na karani wa ununuzi ambaye hajawahi kumwona mkandarasi, jibu lake halina uzito.

"Mteja mdogo, au mteja wa nje, basi IR35 hainihusu."

Inakuhusu, tena zaidi. Mteja akiwa mdogo kwa vipimo vya sheria, au akiwa nje kabisa bila makao wala tawi Uingereza, wajibu wa kuamua na kulipa unarudi kwenye kampuni yako. Mtu anayeishi Leicester na kuifanyia kazi kampuni ya Nairobi kupitia kampuni yake ya Uingereza yuko katika hali hii hasa, na wachache sana wanalijua hilo. Vipimo vya udogo viliongezwa kwa miaka ya fedha inayoanza tarehe 6 Aprili 2025 na kuendelea: mauzo yasiyozidi pauni milioni 15, mali isiyozidi milioni 7.5, wafanyakazi wasiozidi 50, na kampuni inatakiwa kutimiza viwili kati ya vitatu. Maana yake, baadhi ya wateja waliokuwa wakikuamulia wataacha kufanya hivyo. Waulize, na jibu lao liwe la maandishi.

"Nikiwa ndani, angalau nitapata likizo."

Hapana. IR35 inahusu kodi tu. Unakatwa kama mwajiriwa bila kupewa likizo yenye malipo wala haki ya kudai umefukuzwa isivyo halali. Naiona si haki, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Anayetaka haki hizo huajiriwa na zile zinazoitwa kampuni za mwamvuli, yaani kampuni zinazomwajiri mtu na kumlipa mshahara huku akifanya kazi kwa mteja, na hapo inakuja hesabu isiyosemwa. Wakala akikuahidi pauni 500 kwa siku kupitia mwamvuli, fedha hizo zinaenda kwa mwamvuli, na mshahara wako unatoka ndani yake. Kwa siku 20 ni pauni 10,000. Kabla ya kodi yako kuguswa, mchango wa mwajiri wa Bima ya Taifa, ambao ni asilimia 15 tangu Aprili 2025, unachukua takriban pauni 1,200. Kisha kuna ada ya mwamvuli, na malipo ya likizo nayo yamo humohumo. Tangu Aprili 2020 wakala anatakiwa kukupa waraka unaoonyesha makato haya kwa mfano wa tarakimu. Udai kabla ya kusaini.

Ukiahidiwa kubaki na asilimia 85 au 90 mkononi, ondoka. Fedha ya namna hiyo mara nyingi hulipwa kwa jina la mkopo, na HMRC wakija, kodi wanakudai wewe. Kuanzia tarehe 6 Aprili 2026 kanuni mpya zinambebesha wakala, au mteja pale ambapo hakuna wakala, dhamana ya PAYE ambayo mwamvuli haukuiwasilisha. Ndiyo sababu mawakala sasa wanapunguza orodha za miamvuli wanayokubali kufanya nayo kazi.

"Mteja akishaamua, basi."

Bado una nafasi. Ukipewa taarifa usiyokubaliana nayo, mwandikie mteja sababu zako. Ana siku 45 za kujibu, ama kubadili uamuzi au kueleza kwa nini anaushikilia. Akinyamaza zaidi ya hapo, wajibu wa kodi unamwangukia yeye. Niliwahi kuandika barua ya aina hii kwa niaba ya dada mmoja mhandisi, kurasa mbili, ikiwa na nakala za barua pepe saba zinazoonyesha alivyopanga kazi mwenyewe na alivyowahi kumleta mwenzake amshikie kwa wiki mbili. Jibu lilikuja siku ya thelathini na tisa, na lilisema "nje".