Leza ya Donna Strickland, na vyeo vilivyomfuata nyuma

Kila nikifika kwenye mada ya leza na wanafunzi wangu wa kidato cha sita hapa Unguja, kuna jambo linalowashangaza kuliko fizikia yenyewe. Oktoba 2018, Donna Strickland alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, cheo chake katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, kilikuwa profesa mshiriki, ngazi moja chini ya profesa kamili. "Mwalimu, kwani walimnyima?" Hawakumnyima. Hakuomba, na mwenyewe aliwaambia hivyo waandishi wa habari. Kwetu, ambako mtu akishaitwa Profesa hata jina alilopewa na wazazi husahaulika, jibu hilo halimezeki kirahisi.

Basi huwarudisha kwenye kazi, kwani aliifanya angali mwanafunzi. Alizaliwa Guelph, Ontario, mwaka 1959, akamaliza shahada ya uhandisi wa fizikia McMaster mwaka 1981, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, kusomea uzamivu chini ya Mfaransa Gérard Mourou. Miaka ile wataalamu wa leza walikuwa wamekwama. Mpigo mfupi wa mwanga ukikuzwa, nguvu zake zote hubanwa ndani ya muda mdogo mno, na kioo cha kikuzaji hupasuka.

Dawa ya Strickland na Mourou ilikuwa hii. Chukua abiria wanaotoka bandarini Malindi: wakiuvamia mlango kwa pamoja, mlango utang'oka. Wapange foleni, kila mmoja apite na kubebeshwa mzigo wake, kisha wakusanye tena upande wa pili. Wao waliupitisha mpigo kwenye uzi wa kioo wa kilomita 1.4, jamaa wa hii faiba ya intaneti. Humo upande mwekundu wa mwanga hutangulia na wa buluu huchelewa, mpigo ukarefuka na makali yake yakapungua. (Nyekundu na buluu ni namna ya kusema tu, mwanga wao ulikuwa infraredi, jicho haliuoni.) Wakaukuza bila kuvunja kitu, halafu wakaupitisha kwenye mabamba mawili yenye michirizi myembamba, ambayo huuzungusha njia ndefu ule upande uliotangulia mpaka wa nyuma uufikie. Wakapata mpigo wa takribani pikosekunde 2, yaani sekunde moja ikigawanywa vipande trilioni moja, mpigo ni vipande viwili tu. Makala yao ya 1985 ina kurasa tatu tu, na ndiyo ya kwanza maishani mwake.

Uzamivu aliupata 1989. Akapita Ottawa, Livermore na Princeton, akatulia Waterloo mwaka 1997. Heshima za wenzake wa fani hazikukosekana: mwaka 2013 alikuwa rais wa jumuiya ya wanasayansi wa mwanga yenye makao Marekani. Lakini nje ya fani? Miezi michache kabla ya Nobel, rasimu ya ukurasa wake wa Wikipedia ilikataliwa. Nikiwasimulia hilo, darasa zima hucheka.

Nusu ya tuzo ile ilikwenda kwa Mmarekani Arthur Ashkin, aliyekuwa na miaka 96, kwa kazi nyingine ya leza. Mourou na Strickland wakapata robo robo. Alikuwa mwanamke wa tatu tu kupata Nobel ya Fizikia, baada ya Marie Curie 1903 na Maria Goeppert Mayer 1963. Chuo kikampandisha kuwa profesa kamili mwaka huohuo, na 2019 Kanada ikampa daraja la juu kabisa la nishani yake ya taifa.

Watu huniuliza kama leza hii ndiyo ya kutibia macho ya wenye kisukari. Hapana. Ile huunguza retina, utando wa nyuma ya jicho, kwa joto; ni teknolojia ya zamani zaidi. Ya Strickland hukata tabaka jembamba la konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kabla ya kurekebisha uoni, tena bila kuchoma pembeni, kwa kuwa mpigo huisha kabla joto halijasambaa.