Jeni za kibofu hazijaharibika
Wiki hii nimeulizwa tena: "Daktari, nimesoma kwamba mkojo ukiziba, jeni za kibofu hubadilika. Wanangu watarithi?" Hapana, mzee wangu. Hawatarithi chochote. Swali hili limenichosha, na waliolizaa ni sisi wataalamu tunaoandika "jeni zimebadilika" kisha tunaishia hapo.

DNA ya kibofu, yaani maandishi ya jeni zenyewe, ni ileile, herufi kwa herufi, kabla na baada ya tezi dume iliyokua kubana njia ya mkojo. Kinachobadilika ni jeni ipi inasomwa na kwa wingi gani. Kibofu kinasukuma dhidi ya kizuizi, ukuta unavutika, damu inapita kwa shida na oksijeni inapungua. Seli zinahisi yote hayo na kujibu. Jeni za ukuaji hupanda, yaani husomwa zaidi, na misuli laini inanenepa. NGF, protini inayolisha neva, hupanda pia. Neva zinakua na kushtuka upesi, ndiyo sababu moja ya kubanwa na mkojo wakati kibofu hakijajaa. TGF-beta, protini inayopeleka ishara kwa seli, huchochea utengenezaji wa kolajeni, nyuzi ngumu kama za kovu, nayo hujikusanya katikati ya misuli. Ukiingiza kamera, ukuta uliokuwa laini unauona una matuta yaliyosukana kama kamba.

Sasa hapa ndipo ninapogombana hata na wenzangu. Tunachukua kipande cha ukuta, tunakisaga chote, tunapima RNA, yaani nakala zinazotoka jeni inaposomwa, tunatangaza kwamba jeni ya kolajeni "imepanda". Imepanda wapi? Huenda kila seli imeongeza kazi. Huenda pia seli zinazotengeneza kolajeni zimekuwa nyingi tu, kila moja ikifanya kazi yake ya kila siku. Kipimo hicho hakitenganishi mambo hayo mawili. Lazima upime seli mojamoja. Isitoshe, sehemu kubwa ya tunayoyajua yametoka kwa panya waliofungwa mrija wa mkojo kwa wiki chache, ilhali tezi dume hubana kwa miaka. Nayatumia matokeo hayo kila siku, lakini siyaapii.

Kizuizi kikiondolewa, jeni nyingi hurudi karibu na zilivyokuwa. Kolajeni iliyokwisha kusukwa haiondoki kirahisi hivyo, na neva zilizozoea kushtuka huchelewa kutulia. Kwa hiyo mgonjwa anayeendelea kukimbilia choo baada ya upasuaji asidhani moja kwa moja kwamba daktari wake alikosea. Njia imefunguka; ukuta wa kibofu bado ni ule uliojengwa wakati imebanwa.