Kwa nini 641 inaigawa 4,294,967,297

Wanafunzi wangu wa kidato cha tano hapa Wete wanajua: nikiandika namba ndefu ubaoni, vikokotoo vinafungwa. Safari hii ni 4,294,967,297, na suala ni moja tu. Ni tasa (yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe) au si tasa?

Ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Ni ya sita katika ukoo wa namba za Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17: 3, 5, 17, 257, 65,537, kisha hii. Kuanzia 5, kila moja inapatikana kwa kuzidisha zote zilizoitangulia na kujumlisha 2. (Kwa hiyo ukizidisha tano za mwanzo unapata 4,294,967,295. Hiyo ndiyo idadi witiri kubwa kuliko zote tunazozijua ya pande za umbo lenye pande na pembe sawa linaloweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake!) Hizo tano ni tasa, na Fermat aliamini zote zinazofuata ni tasa pia. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaonesha kwamba ya sita inagawanyika kwa 641.

Kuifikia 641 kwa mkono si kazi ya kukesha. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni kama 65,536, na chini ya hapo mna namba tasa 6,542. Lakini mwanahisabati Lucas alithibitisha mwaka 1878 kwamba kila kigawo tasa cha namba hii, ukikigawa kwa 128, lazima kibakishe 1. Basi tunaanza: 129, 257, 385, 513, 641. Ya kwanza na ya nne zinagawanyika kwa 3, na 385 kwa 5. 257 inatolewa na ukoo wenyewe, maana ukiigawa namba yetu kwa 257 inabaki 2. Wa kwanza kujaribiwa ni 641.

Na hata kugawa hakuhitajiki. Huu ndio uthibitisho ninaoupenda kuliko yote ninayofundisha. Tunaangalia baki za kugawa kwa 641 tu: namba mbili tunaziita sawa ikiwa tofauti yao inagawanyika kwa 641.

641 = 5 × 2⁷ + 1, kwa hiyo 5 × 2⁷ ni sawa na −1.
641 = 5⁴ + 2⁴, kwa hiyo 5⁴ ni sawa na −2⁴.

Ipandishe ya kwanza kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Iondoe 5⁴, uweke −2⁴ mahali pake: −2³² ni sawa na 1. Basi 2³² + 1 haibakishi kitu.

Kigawo cha pili ni 6,700,417. Nacho ni tasa? Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na kigawo chake chochote ni kigawo cha namba yetu pia, kwa hiyo sharti la 128 linakibana vile vile. Tasa za aina hiyo mpaka hapo ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. 257 tushaitoa. Gawa kwa nne zilizosalia, kwa kalamu, utapata baki 44, 120, 334 na 622. Ni tasa.