Kamera yenye sura ya zamani: anza kuitazama ikiwa imezimwa

Nikiletewa kamera ya kisasa isiyo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), ila imevishwa sura ya miaka ya themanini, siiwashi kwanza. Naiweka mezani, naitazama kwa juu na kujiuliza: nikibonyeza sasa hivi, picha itapigwa kwa kasi gani ya shata, lile pazia linalofunguka kupitisha mwanga? ISO, yaani wepesi wa kuhisi mwanga, ni ngapi? Lenzi imefunguka kiasi gani? Kamera ya kawaida haina jibu mpaka uiwashe usome skrini. Hii yenye vizungusho kila upande ilipaswa kunijibu ikiwa imelala. Isiponijibu, basi vile vizungusho ni hereni tu.

Naanza hapo kwa sababu najijua. Namba zilizochongwa kwenye chuma na kutiwa rangi zinanilegeza kama zinavyomlegeza mtu mwingine yeyote, na nikishaanza kuzizungusha, hukumu yangu inakwenda na maji.

Chukua Nikon Zf ya mwaka 2023. Sura yake imetoka kwa FM2 ya mwaka 1982, kamera ya filamu ambayo shata yake ilikuwa ya mitambo mitupu. Betri ilikuwa ya kipima mwanga tu. Ikikufia, unaendelea kupiga, hata kwa 1/4000 ya sekunde. Kizungusho cha shata hakikuwa kinatuma ombi kwa kompyuta. Kilikuwa kinapanga mtambo wenyewe. Sasa angalia ISO ilikuwa wapi: kwenye kidirisha kidogo ndani ya kizungusho hichohicho, unainua ukingo ndipo uzungushe. Kazi ya vidole vyenye subira. Wala haikumsumbua mtu, maana ISO ilikuwa tabia ya filamu. Ukishapakia filamu ya 400, ni 400 mpaka picha 36 ziishe.

Leo ISO inabadilika kati ya picha na picha. Unatoka juani unaingia kivulini, tayari. Lakini kwenye Zf, na kwenye Fujifilm X-T5 pia, imepewa kizungusho kikubwa kizuri kwenye bega la kushoto. Mkono wa kushoto una kazi gani mpiga picha anapopiga? Umebeba lenzi kwa chini. Kubadilisha ISO ni kuiachia lenzi, kupandisha mkono juu, kuzungusha, kisha kuurudisha. Kwa lenzi ndogo hata huhisi. Kwa lenzi nzito ya kuvuta (zoom), kamera inainama mbele na kiganja cha kulia kinabaki kuning'inia na mzigo. Matokeo yake wengi wetu tunaiweka ISO ijichagulie yenyewe, na kile kizungusho kilichotufanya tuipende kamera kinalala usingizi mwaka mzima.

Uwazi wa lenzi una kisa chake. Zamani ulikaa kwenye lenzi, kwenye pete yenye namba. Fujifilm wameurudisha huko kwa lenzi nyingi za XF, na ndipo mantiki ya zamani inapokamilika: pete ikiwa kwenye A (otomatiki) na shata ikiwa kwenye namba, kamera inachagua uwazi, ukifanya kinyume, inachagua kasi, zote zikiwa A, inachagua zote mbili. Huhitaji kizungusho cha kuchagua mtindo wa upigaji. Mtu anakielewa kitu hiki kwa dakika tano bila kufungua menyu. Kwa Nikon sivyo: lenzi ya 40mm f/2 waliyoirembesha kwa ajili ya kamera zao za sura hii haina pete ya namba za uwazi. Ina pete moja, ya fokasi, ambayo unaweza kuipangia kazi nyingine. Uwazi unausoma kwenye kidirisha kidogo juu ya kamera. Ni kidirisha kizuri, ila kamera ikiwa imezimwa hakikuambii namba. Mtihani wangu wa kwanza, hapo, Zf inaufaulu nusu.

Ukakamavu wa vizungusho nao usiupuuze. Nilishapiga sherehe nzima ya alasiri na kamera (sitaitaja) ambayo kizungusho chake cha kurekebisha mwangaza kilijizungusha ndani ya mkoba hadi -2. Dakika ishirini za picha zenye giza. Kwa kuwa kidirisha cha kuchungulia kilikuwa kinaonyesha giza lilelile, nilidhani ni jua limeniingia machoni. Faili za RAW, zinazohifadhi data ghafi yote ya sensa, ziliniokoa. Tangu siku hiyo, kila kamera ninayoipima naisugua kwenye kitambaa cha mkoba, naitoa, kisha nasoma namba upya.

Ndani ya Zf hakuna uzee wowote: sensa ya megapikseli 24.5 yenye ukubwa wa fremu kamili, uimarishaji wa picha ndani ya mwili, fokasi inayotambua macho ya watu na wanyama. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu uko kwenye umbo. Zf ina gramu 710 pamoja na betri na kadi, na mbele yake ni bapa karibu kabisa kwa sababu FM2 ilikuwa bapa. FM2 lakini ilikuwa na gramu 540 hivi, na lenzi za siku zake zilikuwa ndogo. Baada ya saa mbili, kidole changu cha mwisho hakijui kishike wapi.

Cha ajabu, kitu nilichokipenda kuliko vyote hakikuwahi kuwepo kwenye kamera ya filamu: swichi ndogo chini ya kizungusho cha shata inayokupeleka kwenye nyeusi na nyeupe. Unaisukuma, na ulimwengu ndani ya kidirisha unapoteza rangi papo hapo. Unaanza kuona ukuta, kivuli, mstari wa bega la mtu. Ukipiga RAW, rangi zote bado ziko ndani ya faili. Menyu ingeweza kufanya kazi hiyohiyo, lakini nani angeingia huko mara kumi kwa saa?

Kwa anayetembea na lenzi moja ndogo na kupiga polepole, kamera za namna hii naziunga mkono bila kusita. Kwa anayepiga michezo, hapana. Na ukienda kuijaribu, nenda na lenzi yako nzito kuliko zote, ifunge, kisha ubadilishe ISO mara tano mfululizo ukiwa umesimama.