Je, wajua kwa nini chembe ndogo za platinamu huweza kutengenezwa kwa umeme na altrasaundi (mawimbi ya sauti ya juu mno kusikika) kwa zamu?

Katika kichocheo cha platinamu, yaani kiharakishi cha mmenyuko wa kikemia, ni atomu za juu tu zinazofanya kazi. Zilizojificha ndani hazikutani na haidrojeni wala oksijeni zinazopaswa kumenyuka, na platinamu ni ghali mno kukaa bure. Hebu piga hesabu: mchemraba wa sentimita 1 una eneo la nje la sentimita za mraba 6. Ukate uwe vijimchemraba vya nanomita 3, na eneo hilo linafika mita za mraba 2,000. Metali ni ileile, haikuongezeka hata chembe.

Umeme unaweza kuzaa chembe hizo. Katika mmumunyo wa chumvi ya platinamu, ayoni (atomu zenye chaji) hupokea elektroni kwenye kathodi, yaani ncha hasi ya umeme, na kugeuka metali. Shida ni kwamba umeme ukiendelea, mbegu hizo za metali hunenepa na kuungana mpaka zinakuwa tabaka moja.

Mwaka 1994, Jacques Reisse na wenzake wa Brussels, Ubelgiji, walieleza mtambo wa kutengeneza unga wa metali ambao jibu lake linanivutia sana hadi leo: pembe ya titani, yaani fimbo ya metali inayotoa altrasaundi kwa kutetemeka mara 20,000 kwa sekunde, ndiyo hiyohiyo kathodi. Umeme hupita kwa sehemu ndogo ya sekunde, mbegu zinaota, kisha unakatwa na mtetemo unafuata. Majini hutokea viputo vinavyovimba na kubomoka ghafla, joto ndani yake likipanda hadi maelfu ya nyuzi. Kiputo kilicho karibu na pembe hubomokea upande mmoja na kurusha mchirizi wa maji kwa kasi inayoweza kupita mita 100 kwa sekunde. Chembe zinang'oka kabla hazijanenepa, na uso unabaki safi kwa zamu nyingine.

Zikiachwa majini, zitashikana tena. Ndiyo maana huwekwa juu ya unga mweusi wa kaboni, unaopitisha umeme na wenye nafasi tele: kwa aina nyingine, eneo la uso wa gramu 1 huzidi mita za mraba 200. Altrasaundi hutawanya pia mabonge ya unga huo. Wengine huongeza polima (kemikali ya molekuli ndefu) ya kuzuia chembe zisishikane, ila lazima iondolewe baadaye, la sivyo inafunika platinamu yenyewe.

Na viputo havichagui: pembe nayo huliwa polepole, ikiacha vumbi la titani ndani ya mmumunyo.